Mafundi, acheni kufunga mshipi wa samaki kwenye mapazia ya motohomu!

Wakuu, salamu baadaye. Hapa Arusha, na Moshi hali ni hiyohiyo, motohomu ya zamani (gari la safari lenye vitanda na jiko ndani) ikiingia gereji na pazia la marinda lililokatika uzi, mteja anapewa jibu moja kati ya mawili. Ama "hili limekufa, agiza jingine nje", ama linafungwa mshipi wa kuvulia samaki, kisha lete hela. Yote mawili ni wizi. Pazia halijafa! Kilichokufa ni uzi mwembamba unaouzwa kwa mita.

Ubaya wa mshipi ni kwamba ni mgumu na unateleza. Ile reli ya kuvutia, yaani upau unaoushika kushusha na kupandisha pazia, inasimama popote unapoiacha kwa sababu ya msuguano wa uzi uliokazwa. Weka kinachoteleza, reli inashuka yenyewe usiku kucha. Tena gari likishapita geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, lami inaisha, na kwa mtikisiko ule wa kuelekea Serengeti mshipi unageuka msumeno: rinda moja baada ya jingine linachanika kuanzia kwenye tundu. Nailoni ya fundi viatu nayo inavutika, ikipigwa jua ndiyo basi. Kinachotakiwa ni uzi wa poliesta uliosukwa, milimita 0.9 hadi 1.4 kutegemea tundu.

Halafu kuna suala la kupishanisha nyuzi mbili za pazia, na hapa ndipo wengi wanapoboronga. Uzi wa kushoto ukiingia kwenye reli ya kuvutia unapita ndani yake na kutokea KULIA. Wa kulia unatokea kushoto. Ndiyo maana reli inashuka ikiwa imenyooka hata ukiivuta kwa pembeni. Ukishusha nyuzi moja kwa moja kwa sababu ya uvivu, reli inalala upande, mteja anaivuta kwa hasira, na uzi unakatika tena. Kabla ya kufumua, piga picha. Simu mnazo!

Vipimo navyo si vya kukisia. Kwa kila uzi chukua kimo cha dirisha, jumlisha upana mara moja na nusu, ongeza sentimita 30 za mafundo. Dirisha la kimo cha sentimita 60 na upana wa 90 linakula sentimita 225 kwa uzi mmoja, yaani mita nne na nusu kwa nyuzi mbili. Ncha ichovye kwenye supa gluu, iache ikauke, inakuwa sindano. Marinda yabane kwa vibanio vya nguo yasifumuke. Tundu lililokwisha kuchanika litie jicho dogo la bati kama la viatu. Ukipitisha uzi mpya kwenye tundu bovu, kazi umeirudia bure.

Na jamani, nani aliwafundisha kupiga pasi poliesta? Marinda yakishalainika kwa joto hayarudi. Maji ya vuguvugu na sabuni ya unga kidogo, bila jiki, kisha likunje na ulifunge likaukie hivyohivyo. Lile pazia la usiku lenye utando wa fedha kwa nyuma lifute tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Jibu la 1: Mkuu umegusa penyewe, ila springi umeiruka. Iko ndani ya reli ya juu, nyuzi zote mbili zinafungwa kwake. Wengine wakiona imechoka wanaitupa na kuunganisha uzi kwa uzi. Hapo mvutano haupo tena, au uzi umekazwa mpaka vishikizo vya plastiki vya chini vinavyoshika ncha za uzi, ambavyo jua limeshavikausha, vinapasuka.

Mwanzisha mada: Sahihi kabisa. Kipimo ni rahisi: vuta reli hadi katikati, iachie. Ikishuka, kaza kidogo kwenye vishikizo vya chini. Ikiwa nzito kuvuta, umezidisha. Ikilala upande, fundo moja limeteleza au hukupishanisha.

Jibu la 2: Ongezeni na skrubu zinazoshika pazia ukutani. Ukuta ni plaiwudi nyembamba, tundu likipanuka wanaweka skrubu nene zaidi, inatokeza nje ya bodi na mvua inaingia. Njiti mbili za meno na gundi ya mbao, subiri ikauke, rudisha skrubu ileile.

Mwanzisha mada: Na kaza kwa bisibisi ya mkono. Hiyo drili iacheni kwenye droo.