Naomba ushauri: kijiji changu kwenye RPG Maker MV kinaonekana kitupu

Habari zenu wakuu. Natengeneza gemu langu la kwanza kwenye RPG Maker MV, programu ya kutengenezea magemu. Ramani za ndani ya nyumba nimeziweza, za nje ndizo zinanitoa jasho.

Kijiji cha wavuvi nilikipa vigae (vile vipande vya mraba vinavyounda ramani) 100 kwa 100. Nimepanda minazi, nimeweka ngalawa na njia ya kushuka ufukweni. Lakini skrini inaonyesha vigae 17 kwa 13 tu, kwa hiyo mchezaji anatembea kwenye majani matupu hadi anachoka. Nikipunguza kuwa 40 kwa 40, nyumba zinabanana na uchochoro unapotea.

Makuti nimeyawekea alama ya nyota, mhusika anapita chini yake vizuri kabisa, nimefurahi sana. Ila kingo za maji zinajiunga zenyewe pale nisipotaka. Ili kuzuia hilo nanakili kigae kimoja kimoja huku nimeshika Shift, na pwani yenyewe ni ndefu.

Je, mnaanza kwa kuchora karatasini? Kijiji chenye nyumba nane mngekipa ukubwa gani? Na uwanja mnaujaza vipi bila kuziba njia? Mwenye picha ya ramani yake naomba aiweke hapa nijifunze.