Kijana analipwa kuosha gari, binti anaosha vyombo bure. Hii ndiyo mnaita kumfundisha mtoto kazi?

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuja na povu, asiyependa uzi mrefu apite kimya kimya.

Nina binti wa miaka 12, kijana wa miaka 10 na mdogo wao ambaye bado anabebwa. Baba yao ameamua, bila kikao wala kuulizana, kwamba hakuna tena hela ya matumizi ya bure. Anayetaka hela afanye kazi. Nikasema sawa, lete orodha tuione. Orodha ikaja: kuosha gari, kufyeka nyasi, kusafisha banda la mbwa, kupanga stoo. Kila kazi na bei yake pembeni. Vyombo havimo. Kudeki hakumo. Kufua, kupiga pasi, kumbembeleza mtoto mimi nikiwa jikoni, vyote havimo.

Nikamuuliza vyombo umeviacha wapi? Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Aah, hizo si kazi bwana, hizo ni za nyumbani tu."

Za nyumbani tu! Kwani hilo gari linaoshewa wapi, angani?

Sasa angalieni matokeo. Gari linaoshwa mara moja kwa wiki, na mvua ikinyesha hata hiyo mara moja haipo. Vyombo vinachafuka kila mtu akitia kitu mdomoni. Kijana anamwaga maji asubuhi moja, wiki nzima anatembea na hela. Dada yake ambaye haondoki kwenye sinki hana kitu, na juzi nimegundua anamkopa mdogo wake. Anakopeshwa kwa masharti, tena! Mtu anayekuoshea sahani unamdai.

Na msiseme ni matatizo ya nyumba yangu peke yangu. UNICEF walitoa takwimu mwaka 2016: duniani kote, wasichana wa miaka 5 hadi 14 wanatumia muda zaidi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa rika lao kwenye kazi za nyumbani zisizolipwa. Ukizijumlisha ni saa milioni 160 za ziada kila siku. Halafu mzazi anakaa na kalamu kupanga bei, na bei zote zinaangukia kazi za nje ambazo kijana ndiye hutumwa. Si lazima awe na nia mbaya. Ila kazi ya kila siku haionekani mpaka siku isipofanywa.

Mama mkwe naye kaingilia: eti binti anajiandaa na nyumba yake. Mama, nakuheshimu sana, ila huyu kijana akikua atakula kwenye sahani zinazojiosha?

Najua mtakuja mbio kusema, "Si umlipe na binti, yaishe?" Hapana, na hapo ndipo tunapogombana hata na wanaoniunga mkono. Vyombo visilipwe kwa yeyote. Anayekula aoshe, zamu kwa zamu, kijana na binti sawasawa. Ukishaweka bei kwenye vitu vidogo umekwisha. Majuzi nimemwambia kijana anipe nepi ya mtoto, iko hatua mbili kutoka alipokaa. Akaniuliza, "Unanipa ngapi?" Nepi ya mdogo wake wa damu!

Hili lilishafanyiwa utafiti. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miezi 20. Waliopewa zawadi ya kitu kila waliposaidia walipungua kusaidia baadaye, kuliko waliosifiwa au ambao hawakupewa chochote. Miezi 20! Wa miaka 10 mnategemea nini?

Baba yao sasa ana suluhisho jipya, faini. Asiyetandika kitanda anakatwa. Kijana kasikia, kapiga hesabu yake, kasema, "Basi nikate tu, baba." Kitanda hakitandikwi hadi leo. Ni kile kile kilichotokea Haifa, Israel, kwenye vituo vya kulelea watoto wadogo: wazazi waliochelewa kuchukua watoto wakawekewa faini, wachelewaji wakaongezeka badala ya kupungua. Walijiona wanalipia huduma, aibu ikaondoka. Faini ilipofutwa, uchelewaji haukurudi ulivyokuwa mwanzo. Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliandika hayo mwaka 2000. Nimemsomea mwenzangu, ananiambia eti watoto wetu si Waisraeli.

Msimamo wangu nauweka hapa, anayetaka kunirarua anirarue. Hela ya matumizi itolewe siku inayojulikana, iwe imenyesha au haijanyesha, ili mtoto ajifunze kuipangia. Haikatwi kwa sababu kafeli hesabu au kamjibu shangazi vibaya, makosa yana adhabu zake. Kiasi msikitoe hewani, wala msigawe kwa kufuata umri tu. Kaeni na mtoto muandike hela hiyo inatakiwa kununua nini. Nauli na chakula cha shule si hela ya matumizi, msimhesabie. Mdogo apewe kwa wiki, maana mwezi kwake ni mbali mno, ataimaliza siku ya kwanza. Wa 12 anaweza kujaribu wiki mbili. Akiishiwa kabla, avumilie, na mama usimpe kwa siri (najua mnafanya).

Kulipa kuwepo kwa kazi ambayo usingekuwa na watoto ungeita kibarua aje aifanye. Nyasi, sawa. Stoo, sawa. Ila zitangazwe kwa wote wawili, na dada mtu akitaka kuosha gari asiambiwe atalowa.

Zamu za vyombo nimeshazibandika ukutani na jina la kijana liko Jumatatu. Mwenzangu kanuna. Anasema nikilazimisha atafuta hela ya wote.

Wenye watoto wa umri huu, nisaidieni mambo mawili. Hela ya matumizi mnaiongeza kila mwaka au mpaka mtoto aje na hoja? Na yule aliyekwisha kuzoea kulipwa mlimwachishaje, mlikata ghafla au mlipunguza kazi moja moja?