Kitanda cha mgeni kwenye chumba cha kazi: nitakosa punguzo la kodi?

Mtafsiri_wa_Usiku: Habari zenu wakuu. Niko Marekani, natafsiri nyaraka kwa kujitegemea, sina mwajiri. Chumba changu cha kazi kina futi za mraba 120: meza, printa, makamusi... na kitanda anacholala mama mkwe akija. Naweza kudai chumba kizima kwenye ritani ya kodi?

Baba_Risiti: Kizima hapana, mkuu. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanataka sehemu itumike kwa kazi tu, na mara kwa mara. Kitanda kimekuponza. Ila hulazimiki kujenga ukuta. Pima eneo la meza na makabati, dai hilo tu. Njia rahisi ni dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300.

Mtafsiri_wa_Usiku: Nimepima sasa hivi, paka kalalia futikamba. Futi 70, yaani dola 350. Mke wangu ameajiriwa, naye anafanyia kazi mezani jikoni. Yeye je?

Baba_Risiti: Shemeji asahau. Waajiriwa walifungiwa mlango huo kwenye kodi ya shirikisho tangu 2018. Nawe, kama pango la nyumba na umeme viko juu, piga hesabu ya gharama halisi kwa Fomu 8829 kabla hujachagua. Ina maumivu ya kichwa, lakini mimi ilinilipa.

Mtafsiri_wa_Usiku: Shukrani. Au nihamishie kitanda sebuleni?

Baba_Risiti: Hilo kamuulize mama mkwe 😂