Mjadala: Lukuledi uchimbwe na matete yafyekwe, au mto uachiwe kona zake?

Mwanzisha mada:

Habari za jioni wakuu. Juzi kwenye mkutano wa kijiji, sisi wa bonde la mto Lukuledi, karibu watu wote walikubaliana tuombe kijiko, lile katapila la kuchimbia mitaro, kije kiunyooshe mto, kifyeke matete yote na kutoa mchanga, ili masika ijayo maji yapite fasta yaende zake baharini Lindi yasitusumbue mashambani. Mi nilinyoosha mkono kupinga nikaambiwa siku hizi nakaa mjini, sijui uchungu wa kupoteza mpunga. Uchungu naujua, shamba la marehemu baba lipo pale pale na mwaka wa mafuriko tulivuna nusu gunia. Bado napinga, na naomba tujadili kwa hoja maana hii kitu ikishafanyika kuirudisha ni kazi.

Niseme nilichokiona kwa macho. Pale shambani kwetu mto unapiga kona. Upande wa nje wa kona, ambako maji yanagonga, kuna kipande kina mkuyu mkubwa na matete yameshikana mpaka mkono haupenyi, na pembeni yake kuna kipande ambacho tulifyeka wenyewe miaka mitatu nyuma tukapanda bamia na nyanya mpaka mdomoni mwa maji. Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, nikapigilia vigingi hatua kumi kutoka ukingoni, viwili huku viwili huku. Mwezi wa tano nimerudi kuangalia. Kwenye mkuyu bado hatua kumi, na katikati ya matete limebaki tope jeusi laini unene wa kidole, mbolea ya bure kabisa. Kwenye bamia kigingi kimoja hakipo, cha pili kinaning'inia juu ya ukuta wa udongo uliokatika wima, mizizi ya bamia inaonekana nje, mifupi kama vidole vya mtoto. Mto ule ule, maji yale yale.

Yaani matete sio uchafu wa mto. Mizizi inakamata udongo, mabua yanayapunguza maji mwendo, na maji yakipunguza mwendo yanaangusha yalichobeba, kwanza mchanga halafu tope, tope likitulia matete mapya yanaota juu yake na ukingo unanenepa. Mto unatengeneza mahali pa kuota matete, na matete nayo yanautengeneza mto.

Na hizo kona. Kutoka kwetu mpaka Mingoyo, kule chini karibu na Lindi, kimo cha kushuka ni kile kile, ukiifupisha njia mteremko unakuwa mkali, maji yanapata nguvu yanaanza kula chini na kula kingo, na mzigo wote wanaupokea wenzetu wa chini kwa mkupuo. Kuna watu walishafanya hivi. Marekani, jimbo la Florida, mto Kissimmee ulikuwa unazunguka kilomita 166, kati ya 1962 na 1971 wakaunyoosha ukawa mfereji wa kilomita 90, kwa sababu hii hii ya mafuriko. Bata wa majini waliokuwa wanakuja pale msimu wa baridi wakapungua kwa zaidi ya asilimia 90, samaki wakakosa hewa majini, na mwaka 1999 wakaanza kuufukia mfereji walioulipia wenyewe ili sehemu ya kona irudi, ujenzi umekwisha 2021. Wale wana hela ya kurudia. Sisi kijiko chenyewe tunaomba.

Karibuni.

Mkulima wa mpunga, Mtama:

Kaka mimi sibishi habari ya mizizi, baba yangu naye alikuwa anatukataza kukata mikuyu ya mtoni. Ila umeandika kama mtu ambaye maji hayajamkuta ndani. Sisi kalavati la barabarani limezibwa na matete na magogo, masika iliyopita maji yalirudi nyuma yakaingia nyumba ya bibi yetu usiku, tukambeba mgongoni, kuku wote na mbegu ya msimu vikaondoka. Sasa ukiniambia niyaache matete namwambiaje bibi? Na sheria ndo imekaa upande wenu, mita 60 kutoka mtoni usiguse. Bonde lenyewe pale kwetu jembamba, ukitoa mita 60 huku na mita 60 huku wengine shamba linakwisha lote. Huku juu ardhi ni kavu, tutalima wapi mboga za kiangazi?

Mwanzisha mada:

Pole sana ndugu yangu, na kwa bibi pia, nimesoma mara mbili. Hapo kwenye kalavati uko sahihi na mi sikusema vizuri. Pale kwenye kalavati na daraja pasafishwe kila mwaka kabla ya mvua, magogo yatolewe, na ikiwezekana kalavati lipanuliwe maana tatizo ni mto mpana kupitishwa kwenye tundu. Ninachopinga ni kuchukua ugonjwa wa kalavati moja tukaupasua mto mzima kilomita na kilomita.

Mita 60 ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004, na mi naona nia yake ni nzuri ila inavyoletwa vijijini inakuja kama kufukuzwa. Mtu akifukuzwa anasubiri wakaguzi waondoke anarudi kulima usiku, anafyeka zaidi. Ningependa tuanze na pale maji yanapogonga, upande wa nje wa kona, pale tuache kabisa na turudishie matete, mabingobingo, mikuyu. Mabingobingo mtu anakata analisha ng'ombe, kwa hiyo hajapoteza kila kitu. Upande wa ndani wa kona mto unaongeza ardhi wenyewe, hapo ndo pa kuzungumza na wahusika kuhusu bustani za kiangazi. Sheria ya maji ya 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapo Mtwara, tuunde jumuiya twende na hoja yetu.

Dereva wa tipa:

Mnasema matete, mi nisemee mchanga maana najua ndo mnakokwenda. Mchanga mto unaleta kila mwaka, tukichota masika inajaza. Hizo shule na zahanati mnazozifurahia tofali zake zimetoka wapi? Tupo vijana zaidi ya ishirini tunaishi kwa hiyo kazi, korosho ni ya msimu, huku ni kila siku.

Mwanzisha mada:

Mdogo wangu sitaki ukose kazi. Lakini hebu waulize mama zetu kuhusu visima vya mchangani. Kiangazi mto ukikauka juu, maji yapo ndani ya ule mchanga, unafukua mkono mmoja unakinga kata. Mchanga ndo tanki letu. Kwetu pale tipa zilipochota sana, mwaka wa kwanza kisima kilikuwa kina cha goti, sasa mama mdogo anaingia mpaka mabega ndo akute maji, na mengine ni tope. Na matete ya jirani na shimo yamekauka kwa sababu maji yameshuka chini ya mizizi, yakikauka ukingo unadondoka.

Halafu kuhusu kujaza. Ni kweli unajazwa, ila mchanga wa kujazia unatoka wapi? Maji yakifika kwenye mdomo wa shimo yanaporomoka, yanakula ule mdomo wa juu, shimo linapanda kuelekea juu mwaka hadi mwaka, linavuta sakafu ya mto na kingo za watu wa juu yako. Na maji yanayotoka shimoni yameshaacha mchanga wake pale, yana nguvu na hayana mzigo, yanachukua kwa watu wa chini. Likifika kwenye nguzo za daraja ndo tutaanza kulia. Chota, lakini sehemu zilizopimwa, kwa zamu, mbali na daraja, mbali na visima, na kwenye kona za nje usiguse.

Mvuvi, Kitunda:

Naongea kutoka huku mwisho, ng'ambo ya Lindi mjini. Nyie mnaposema maji yaende haraka baharini, mnakokusema ni kwetu. Mikoko inahitaji tope la mto, bila tope haisimami, hilo hatukatai. Ila likija kwa mkupuo linafukia ile mizizi ya mchu, aina ya mkoko, inayochomoza juu kama penseli, na ile ndo pua yake. Ikifukiwa mti unakufa umesimama, na kamba wadogo wanakulia mle mle kwenye mikoko. Mkutano wenu wa kijiji ulituita?

Mtu wa mto Ruvuma, Newala:

Huku kwetu na viboko nao wanachimba mto. Njia zao za kutoka majini kwenda malishoni zinakuwa mifereji, mvua zikija maji yanapita mle yanafika madimbwi ya pembeni, kambale wanaingia kwenye majani yaliyofurika kutaga. Kule Okavango, Botswana, inajulikana kabisa kwamba njia za viboko zinafungua mikondo ya maji. Nakubali wanakula mpunga na wanaua, tumezika watu. Ila mkinyoosha mto hivyo vidimbwi vyote vinakauka na kambale wa kiangazi msahau.

Mkulima wa mpunga, Mtama:

Sawa, nimesoma zote. Kalavati tusafishe na lipanuliwe, hilo tumekubaliana. Mpaka mdomoni mwa maji sitalima tena upande unaogongwa. Ila mtu asije kunipimia mita 60 kwa kamba bila kuangalia mto wenyewe unaelekea wapi. Na wewe mwanzisha mada hivyo vigingi vyako ni vinne tu, kwenye kona moja. Watu hawataamini.

Mwanzisha mada:

Ni kweli ni vinne. Ndo maana naomba tuongeze. Kila mwenye shamba linalogusa maji apigilie viwili, kwenye matete kimoja na palipofyekwa kimoja, ahesabu hatua aandike na tarehe, kabla mvua hazijaanza. Mvuvi wa Kitunda, ombi lako nalipeleka kwa mwenyekiti, mje hata watu wawili kwenye mkutano ujao. Jumamosi nipo shambani toka asubuhi, nina nyundo na vigingi vya kutosha, aliye karibu aje tuanze na shamba lake.