Injini moja au mbili kwenye simuleta: Kigoma–Tabora na kuvuka ziwa

Reli_ya_Kati (Kigoma):
Habari za jioni wakuu. Natumia simuleta ya ndege ya X-Plane 12, joistiki ya kuzungusha bila pedali (kuizungusha ndiko kunakoendesha usukani wa mkia), leva moja tu ya nguvu. Cessna 172SP, ya injini moja, naimudu: Kigoma hadi Tabora kwa macho, nikifuata reli kupitia Uvinza, Malagarasi, Kaliua na Urambo. Sasa nataka kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, upande wa Kongo, na naambiwa nihamie Baron 58, ya injini mbili, kwa kuwa injini moja ikizima nyingine inakufikisha. Lakini kila nikizima ya kushoto baada tu ya kupaa, ndege inapinduka kabla sijagusa kitu. Kosa liko wapi? Na kwa hizo safari mbili, ipi inafaa?

Unyanyembe58 (Tabora):
Mkuu, nina hakika unavuta pua ili usipoteze kimo, na hapo ndipo inapopindukia.

Injini ya kushoto ikifa, ya kulia inaisukuma pua kwenda kushoto, na kinachoizuia ni usukani wa mkia. Usukani huo nguvu yake ni upepo unaoupitia, yaani kasi. Tazama kipimo cha kasi cha Baron: kuna mstari mwekundu kwenye noti 84 (noti ni maili ya baharini kwa saa) na wa bluu kwenye 101. Chini ya ule mwekundu, huku injini nzima ikiwa na nguvu zote, hata usukani ukifika mwisho hautoshi. Pua inakimbilia upande wa injini iliyokufa, bawa la upande huo linadondoka, umekwisha. Mstari wa bluu ndio kasi inayokupa mpando bora kwa injini moja. Injini ikizima, shusha pua kwanza ukautafute huo mstari, hata kama kimo kinapungua.

Kisha mikono ifuate mpangilio huu huu kila mara. Leva zote mbele: nyekundu za mchanganyiko wa mafuta na hewa, za bluu za propela, nyeusi za nguvu. Pandisha flapu za nyuma ya mabawa, pandisha magurudumu. Zungusha joistiki mpaka pua inyooke. Ukijikuta umezungusha kulia, iliyokufa ni ya kushoto. Wenye pedali hutumia mguu usiofanya kazi kama alama, wewe tumia mkono. Usiamini bado. Vuta taratibu leva nyeusi ya kushoto: mlio usipobadilika na pua isipocheza, ndiyo yenyewe. Hapo vuta leva ya bluu ya kushoto hadi mwisho wa nyuma kabisa, halafu nyekundu yake.

Hiyo ya bluu ndiyo watu wanaisahau. Propela ya injini iliyokufa ikiachwa izungushwe na upepo, inakuwa kama ubao uliosimamishwa mbele ya bawa. Ukivuta leva, mapanga yanageuka na kuukata upepo kwa makali yake. Pasipo hilo Baron nzito haipandi.

Mwisho, inamisha bawa upande wa injini nzima, digrii 2 au 3, zisizidi 5. Kile kigololi cha mizani kwenye paneli kisikae katikati, kikae nusu nje kuelekea injini nzima. Watu wanahangaika kukirudisha katikati, na kumbe hapo ndege inakwenda ubavu.

Ikianza kupinduka licha ya hayo, punguza nguvu ya injini nzima na ushushe pua. Moyo unakataa, lakini ndiyo dawa pekee.

Mbao_na_Bawa:
Naongeza: endelea kufanyia mazoezi ya kushoto, maana ndiyo mbaya zaidi. Propela zote mbili za Baron zinazunguka kwa mwendo wa saa ukizitazama ukiwa umekaa ndani. Pua ikiwa juu, panga linaloshuka, lile la upande wa kulia, ndilo linalovuta zaidi. Kwa injini ya kulia panga hilo liko mbali na kiwiliwili cha ndege, kwa ya kushoto liko karibu. Kwa hiyo ya kulia ikibaki peke yake inakuzungusha kwa nguvu kuliko ya kushoto ingefanya.

Dada_Urambo:
Kuhusu ziwa, mimi sikubali kwamba 172 haifai. Piga hesabu kwanza. Ziwa Tanganyika kwa wastani lina upana wa kilomita 50, maili za baharini 27, kwa hiyo katikati uko maili 13.5 kutoka nchi kavu. Cessna 172 ikizimika na ukashika noti 68, inateleza kama maili 1.5 kwa kila futi 1,000. Unahitaji futi 9,000 juu ya maji. Uso wa ziwa uko kama futi 2,540, basi kipimo cha kimo kisome 11,500 au zaidi pale katikati, na upepo ukiwa wa mbele ongeza. Dari yake, yaani kimo cha juu inachoweza kupanda, ni futi 14,000, inafika, ila kwa uvivu. Panda kwanza juu ya pwani ya Kigoma, ndipo uelekee majini. Na usikate moja kwa moja kwenda Kalemie, maana hizo ni maili 65 za mshazari na nyingi ziko juu ya maji. Fuata pwani kusini kwanza.

Reli_ya_Kati:
Asanteni sana, dada hesabu yako naianza leo. Sasa Unyanyembe58, kwa upande wa Tabora Baron si ina uwezo wa kutosha? Uwanja ni mrefu.

Unyanyembe58:
Uwanja unakupaisha, ndugu yangu, haukupandishi. Ukipoteza injini moja kati ya mbili umepoteza nusu ya nguvu, lakini mpando unapungua kwa kama asilimia 80, kwa sababu nguvu nyingi ilikuwa inatumika kuishikilia tu ndege hewani. Hili ndilo wanaosema "nyingine inakufikisha" hawaliangalii.

Tabora iko kama futi 3,870. Alasiri ya Oktoba, nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 6,800. Baron iliyojaa hadi pauni 5,500 ikibaki na injini moja, dari yake iko kidogo juu ya futi 7,000, na kwenye dari hiyo inapanda futi 50 tu kwa dakika. Yaani kutoka Tabora mchana huo unabaki na chini ya futi 100 kwa dakika, na hapo umefanya kila kitu sawasawa. Kigoma, futi 2,700, nyuzi 30, unapata kama 150.

Kwa hiyo kwa Tabora jaza nusu tanki, watu wawili, ndege iwe karibu na pauni 4,700, na uondoke asubuhi. Magurudumu usiyapandishe mpaka uwanja uliobaki mbele hautoshi tena kutua. Injini ikifa kabla ya hapo, leva nyeusi zote mbili nyuma, utue palepale.

Hata 172 usiisahau hapo: juu ya futi 3,000 usipae na leva nyekundu mbele kabisa. Weka nguvu zote breki zikiwa zimeshikwa, vuta nyekundu taratibu mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa, ndipo uachie.

Mbao_na_Bawa:
Matumizi kwa Kigoma–Tabora, maili kama 188: 172 ni saa 1 na dakika 40, lita 60 hivi. Baron ni saa 1 na dakika chache, lita 120. Haraka unainunua kwa mafuta.

Mipangilio: leva yako moja iache iendeshe injini zote mbili, na zile za kwenye paneli ziburute moja moja kwa kipanya. Kwenye orodha ya hitilafu, panga injini ya kushoto izime kwenye kasi au kimo unachochagua, usiizime kwa mkono, maana mkono unajua kinachokuja. Anzia futi 8,000 juu ya ziwa na ndege nyepesi, kisha noti 101 baada ya kupaa Kigoma. Na joistiki ya kuzungusha ina springi inayochosha kifundo: ukishanyoosha pua, tumia trimu ya usukani wa mkia, inayoushikilia pale ulipouweka.