Naomba ushauri: nataka kununua rivolva ya zamani, nikague nini?

Kijana wa Houston (mleta mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Houston, Texas, mwaka wa pili sasa. Kuna mzee jirani anauza Smith & Wesson ya silinda, risasi sita, .38 Special, kwa dola 450. Anasema baba yake aliibeba Vita vya Pili vya Dunia, 1942. Mimi bastola nimeziona viunoni mwa askari tu. Mwenye ujuzi anielekeze nisije nikauziwa chuma chakavu. Usingizi sipati. Matusi sitaki.

Mama Vitumbua
Mwanangu, 450 huku ni milioni na ushee. Mama yako amemaliza kuezeka?

Mjukuu wa Nzega
Umenikumbusha mbali. Marehemu babu alikuwa na gobore, baruti anaweka kwenye kibuyu juu ya dari. Siku moja panya wakakiangusha karibu na jiko, bibi akakiwahi kwa kanga. Tangu siku ile gobore likahamia kwa shangazi. Kuhusu swali lako sijui, mkuu.

Siti ya Mbele
Nimekaa, naomba karanga.

Fundi Fila
Niko Dallas mwaka wa kumi na moja, nina mbili za aina hiyo. Kwanza fungua silinda kwa mkono wako, uone vyumba vyote sita viko wazi. Mzee akikuambia "haina risasi", itikia halafu angalia mwenyewe.

Vuta nyundo taratibu huku kidole kimegusa silinda kidogo. Silinda ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho, na ufanye hivyo kwa vyumba vyote sita, maana kimoja kikichelewa risasi haitakaa sawasawa na mtutu. Nyundo ikiwa nyuma, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, achana nayo, kuna mtu ameichokonoa kwa tupa. Kisha sukuma silinda mbele na nyuma uone inavyocheza. Mwanya kati ya silinda na mtutu pima kwa fila, vile vibati vyembamba tunavyopimia valvu: inchi 0.004 hadi 0.010. Karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, chungulia kama kuna mashimo ya kutu. Vichwa vya skrubu vikiwa vimeliwa, au maandishi yamefifia kama sabuni iliyotumika, ujue imepigwa msasa na kupakwa rangi upya.

Jingine: nyingi za vita zilipelekwa Uingereza zikiwa za risasi fupi na nene kidogo, .38 S&W, baadaye watu wakachimba vyumba ili vimeze .38 Special. Ganda linavimba humo, hata kupasuka. Soma mtutu umeandikwaje.

Sasa niambie, karatasi zako hapa ni zipi?

Kijana wa Houston
Shukrani sana mkuu, nimenakili yote. Karatasi ziko sawa. Halafu mzee ni mtu binafsi, Texas mnauziana bila fomu.

Fundi Fila
Nimeuliza ni zipi.

Kijana wa Houston
Viza ya F-1. Nasoma. Na nimeshampa mia ya kishika uchumba. Lakini wakuu, kitu kina miaka zaidi ya 80! Za kale hazihesabiki kama silaha, nimesoma.

Fundi Fila
Umesoma nusu. Za kale kwa sheria yao ni zilizotengenezwa 1898 kurudi nyuma. Ya 1942 ni bastola kama ya jana. Mwenye viza ya muda haruhusiwi kuwa na bastola wala risasi, apewe dukani au uani kwa jirani. Tangu 2022 kifungo cha juu kabisa kimepandishwa kutoka miaka 10 hadi 15, na ukitoka unapandishwa ndege. Upenyo unaojulikana ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo, na hata hapo nenda kwa wakili kwanza, siyo kwetu.

Mama Vitumbua
Bati, mwanangu. Bati.

Kichwa Ngumu
Mnamaliza bando bure, hii chai. Mwezi jana huyu huyu alikuwa anatafuta fremu ya duka Mbagala! Halafu nyingi za jeshi za miaka ile namba inaanza na V, na chini ya mpini kuna kitanzi cha kamba. Umeviona? Weka picha.

Kijana wa Houston
Fremu ilikuwa ya dada yangu. Picha mzee hataki. Kitanzi hakuna, V hakuna. Silinda ikifunguliwa, pale kwenye fremu pamegongwa MOD. 10-5.

Kichwa Ngumu
Chai ya tangawizi.

Fundi Fila
Subiri. Smith & Wesson wameanza kugonga namba za modeli 1957, na hiyo 10-5 imekuja miaka ya 60. Chai ipo kweli, ila mpishi ni mzee wako. Baba yake labda aliibeba akienda kuvua samaki.

Siti ya Mbele
Karanga zimeisha, leteni nyingine.

Kijana wa Houston
Duh. Sasa mia yangu inarudije? Na hiyo leseni ya uwindaji inachukua siku ngapi?

Mama Vitumbua
Bati nane hizo zimekwenda.