Msaada: Taarifa za ofisi ziko kichwani mwa mtu mmoja, na wakaguzi wanakuja

Karani Mpya (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina miezi miwili tangu niajiriwe kama ofisa utawala kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya wafanyakazi, mkoa nauhifadhi. Wanachama wanakaribia 600, ofisini tuko watu saba. Kazi yenyewe si ngumu. Kigumu ni kupata karatasi.

Wiki iliyopita alikuja mwanachama na risiti mkononi: mkopo alimaliza tangu 2021, lakini bado anakatwa kwenye mshahara. Nikaomba jalada lake. Jalada lipo, fomu ya mkopo haimo. Mkataba wa mdhamini tukaukuta kwenye simu ya afisa mikopo, umepigwa picha umelala upande na kidole kimefunika sahihi. Salio liko kwenye kompyuta ya mhasibu, na humo kuna mafaili manne: "Mikopo", "Mikopo mpya", "Mikopo SAHIHI" na "Mikopo SAHIHI tumia hii". Manne yote yana salio tofauti la mtu huyohuyo.

Anayejua lipi ni lipi ni mhasibu mwenyewe, mama aliyekuwepo tangu ofisi ni chumba kimoja. Ukimuuliza anakujibu vizuri kabisa, kwa mdomo. Ukimwomba aandike, "nitakuandalia mwanangu". Haandai. Mwezi ujao anaanza likizo, na wakaguzi wa nje wanaingia wiki hiyohiyo. Meneja anasema tununue mfumo. Bodi inauliza mfumo wa shilingi ngapi. Nianzie wapi?

Chai Bila Sukari
"SAHIHI tumia hii" imenifanya nicheke mpaka bosi kaniangalia. Sisi tunayo "Bajeti ya mwisho kabisa wallahi". Nimeweka kigoda, nasubiri majibu.

Fundi Waya
Mkuu, mfumo msinunue kwa sasa. Na hii ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nashauri dhidi ya tumbo langu. Siku ya kwanza mfumo utauliza salio la kuanzia la kila mwanachama. Mtaingiza lipi kati ya hayo manne? Makosa yakishachapwa kwenye skrini nzuri hakuna tena anayeyatilia shaka, na hapo ndipo mtaumia.

Chagueni faili moja la kufanyia kazi. Matatu yaliyobaki yafungeni yasihaririwe, ila MSIYAFUTE, mkaguzi akikuta yamefutwa atawaza mengine. Halafu linganisheni hilo moja na orodha ya makato inayotoka kwa mwajiri pamoja na taarifa ya benki. Hivyo viwili havikutengenezwa na mtu wa ofisini kwenu, ndiyo maana vinafaa kuwa shahidi. Na leo, kabla hujalala, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, na diski hiyo isikae jengo moja na kompyuta.

Kisu cha Ofisi
Mnazunguka tu. Huyo mama anaficha wizi. Mwandikieni Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa, uombwe ukaguzi maalum, yeye akae pembeni.

Mzee wa Folio
Kijana, mimi nimestaafu kutoka masjala ya serikali. Kwetu barua ikiingia inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio, yaani namba ya mpangilio wake ndani ya jalada, ndipo inaingia kwenye jalada. Jalada likitoka, jina la aliyelichukua linaandikwa. Ukikuta folio 14 kisha folio 16, unajua 15 iko kwa mtu, unamtafuta mtu. Wewe hapo huwezi kujua kama fomu ya mwanachama wako ilichomolewa au haikuwahi kuwekwa, na hayo ni mambo mawili tofauti mbele ya mkaguzi.

Nunua kauntabuku moja. Usijaribu kupanga majalada yote 600, utachoka kabla ya Ijumaa. Kila jalada litakalofika mezani kwako kwa shida ya siku hiyo, lisirudi kabatini kabla hujazipa kurasa zake namba. Na ukiona yamepangwa kwa majina, hama, panga kwa namba ya uanachama. Akina Juma Hamisi ni wengi nchi hii.

Bibi Hesabu
Kisu, punguza jazba. Mimi nimewahi kuwa huyo mama, na sikuiba hata senti. Niliwafundisha vijana watatu kazi yangu. Wawili walipandishwa juu yangu, wa tatu akaniuliza lini nastaafu. Wa nne nikamwambia "nitakuandalia".

Karani, usimwombe aandike. Mtu aliyefanya kazi kwa kichwa miaka yote hajui aanzie wapi kuandika. Kaa naye saa moja kila asubuhi, yeye aseme, wewe uandike, kisha asome na kusahihisha. Juu ya ukurasa weka jina lake kwamba ndiye aliyeelekeza. Na mwambie meneja amtambue kwa barua kabla ya likizo, siyo baada.

Wakili wa Baraza
Hiyo picha kwenye simu binafsi isiwapite. Mnashika namba za NIDA na hati za mishahara za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na wanaokusanya taarifa hizo wanatakiwa kusajiliwa kwenye Tume yake. Simu ikiibiwa Kariakoo, mtamwambia nini mdhamini? Pia msichome makaratasi kwa hamu ya usafi: kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa walau miaka 5.

Karani Mpya
Mrejesho baada ya siku tisa. Nimekaa na mama asubuhi sita. Siku ya kwanza alijibu kwa mkato, ya tatu akaja na maandazi yangu. Kumbe kila faili lina historia: moja ni la kabla ya riba kubadilishwa, jingine alilianza mashine ilipoingia virusi, la tatu ni la majaribio ya kijana aliyeacha kazi. Sahihi ni "Mikopo mpya". Siyo lile la "tumia hii"!

Fomu imepatikana, ilikuwa kwenye jalada la mwanachama mwingine mwenye majina yaleyale mawili. Mzee wa Folio, nimekuvulia kofia. Mwanachama alikuwa sahihi, barua ya kusimamisha makato imeenda kwa mwajiri, na kinachotakiwa kurudishwa kinakokotolewa.

Meneja bado anataja mfumo kila kikao. Afisa mikopo naye nimemwomba simu mara tatu nihamishe zile picha kisha azifute. Anasema chaji imeisha.